Jicho la Trafiki

Sheria za barabarani ni nyingi na askari ni wachache. Kwa hiyo, kila askari wa trafiki anaposimama barabarani huwa amekwisha kuchagua kosa atakalolitafuta na lile atakalolipa kisogo. Historia ya matatu za Kenya ni historia ya uchaguzi huo.

Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu matatu kubeba abiria bila leseni ya usafiri wa umma. Magari ni yale yale na barabara ni zile zile, lakini gari lililokuwa likikimbia askari jana, leo likapita likipiga honi. Sheria ya 1984 ilizirudisha chini ya leseni na ukaguzi. Hata hivyo, waliosafiri katika miaka ya 1990 watakumbuka makanga waliong'ang'ania milango na abiria waliosimama wameinamisha shingo. Watakumbuka pia noti iliyokunjwa ikipita dirishani penye kizuizi cha polisi.

Ndipo akaja John Michuki, Waziri wa Uchukuzi katika serikali ya Mwai Kibaki. Kanuni zake za 2003 zilianza kutekelezwa tarehe 1 Februari 2004: kidhibiti mwendo kisichozidi kilomita 80 kwa saa, mkanda kwa kila kiti, mstari wa manjano ubavuni, sare kwa dereva na makanga. Matatu ambazo hazikuwa tayari zilibaki nyumbani, na watu wengi wakaenda kazini kwa miguu. Walinung'unika, lakini wengi walimuunga mkono, maana kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi abiria alikaa kwenye kiti chake kama mtu.

Sasa tujiulize: ni nini kilichodumu? Mstari wa manjano ulidumu. Vidhibiti mwendo vilichezewa na mafundi, na mikanda ikawa ya kufungwa askari anapoonekana mbele na kufunguliwa akishapitwa. Sababu yake, kwa maoni yangu, ni nyepesi. Rangi na sare huonekana mchana, gari likiwa limesimama. Mwendo wa kasi hauonekani hivyo, wala uchovu wa dereva alfajiri. Na mwenda kwa miguu, ambaye ndiye anayekufa zaidi katika barabara za Kenya, hana kibandiko cha kukaguliwa. Ni dereva gani aliyewahi kusimamishwa kwa kutompisha mama mwenye mzigo kichwani?

Kabla ya mapambazuko ya tarehe 10 Oktoba 2018, basi lilianguka Fort Ternan na kuua watu zaidi ya 50. Maofisa walisema halikuwa na kibali cha kusafiri usiku. Mwezi uliofuata serikali ikatangaza msako mkali, na jina lililotajwa lilikuwa lile lile: kanuni za Michuki. Michuki mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 2012.

Hapo ndipo penye uchungu. Sheria haikuwa imefutwa; ilikuwa imesahauliwa na macho. Msako unaokuja baada ya mazishi ni moto wa mabua: huwaka sana, kisha huzimika. Askari anayehesabu mistari na sare atarudi jioni na hesabu nzuri ya makosa. Lakini hesabu ya makosa yaliyokamatwa si hesabu ya roho zilizookolewa, na taifa lisilotofautisha hizo mbili litaendelea kupaka magari rangi na kuchimba makaburi.