Upupu, Kaa la Moto na Neno la Daktari

Aliyesoma shule ya bweni hahitaji kuelezwa upupu ni nini. Mtundu mmoja huchuma maganda yake kwa jani la mgomba, akayakung'uta juu ya viti, na kabla kipindi hakijafika nusu darasa zima linajikuna.

Wataalamu wa mimea huuita *Mucuna pruriens*. Neno hilo la pili alilitoa Linnaeus wa Uswidi katika karne ya 18, na maana yake ni "wenye kuwasha". Limetokana na kitenzi cha Kilatini *prurire*, kilichozaa pia *pruritus*, neno ambalo daktari huandika kwenye kadi ya mgonjwa anayelalamikia mwasho. Wengi hukosea wakaandika "pruritis", kwa mazoea ya hepatitis. Lakini *-itis* ya Kigiriki ni alama ya uvimbe, na mwasho hauji na uvimbe kila mara: mwenye ini au figo mbovu aweza kujikuna usiku kucha bila hata kipele kimoja.

Wachunguzi wa asili ya maneno hukihusisha kitenzi hicho na *pruna*, yaani kaa la moto. Mswahili hashangai. Taa huwashwa, pilipili huwasha, upupu huwasha. Warumi walikitumia pia kwa aliyeshikwa na ashiki; mitaani kwetu nako, "anawashwa" si lazima awe na upele.

Mwaka 1660, huko Ulm, Ujerumani, tabibu Samuel Hafenreffer aliueleza mwasho kuwa ni hisia isiyopendeza inayomfanya mtu atake kujikuna. Madaktari wanautumia ufafanuzi huo hadi leo. Hata hivyo, kwa muda mrefu mwasho ulidhaniwa kuwa ni maumivu madogo tu.

Upupu ukasaidia kulifumbua fumbo. Mwaka 1955, Walter Shelley na Robert Arthur wa Marekani walionyesha kuwa kinachowasha katika vinyweleo vyake ni protini, wakaiita mucunain. Haipiti njia ya histamini, kemikali ambayo mwili humwaga mtu anapong'atwa na mbu. Kumbe mwasho una zaidi ya njia moja ya kufika kwenye ubongo. Ndiyo maana kidonge cha mzio kinachomtuliza aliyeumwa na mbu hakimfai kitu aliyekalia kile kiti cha darasani.