Ndege wa Tembe, Ndege wa Bati

Mwambie mtu aliyekulia kwenye tembe kwamba kuna ndege wanalala darini wakati wa baridi, uone atakavyokujibu. Dari ipi? Tembe haina dari. Paa lake ni bapa, udongo umelala juu ya miti na hadithi imeishia hapo. Kati ya kichwa cha mwenye nyumba na mbingu hakuna chumba cha ziada cha kumpangishia shomoro. Kwa hiyo tukitaka kuandika historia ya ndege kwenye mapaa ya Kinyangiri, itabidi kwanza tuandike historia ya paa lenyewe.

Kinyangiri ni kata ya wilaya ya Mkalama, mkoa wa Singida, sehemu ambayo kabla ya 2012 ilikuwa bado ni Iramba. Ni nchi ya mtama, uwele, ng'ombe, na siku hizi alizeti. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, halafu ukavu. Watu wa Dar es Salaam wakisikia "baridi Tanzania" wanafikiria Njombe na Lushoto tu, lakini Singida mjini iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa Juni na Julai ukianza kuvuma usiku kwenye nyanda zile, unajua kwa nini babu zetu hawakujenga nyumba za madirisha makubwa.

Walijenga tembe. Wagogo walijenga, Wanyaturu, Wasandawe, Wairaqw, na Wanyiramba pia. Unasimamisha nguzo zenye panda, miti migumu ambayo mchwa anaitafuna kwa shida. Juu ya panda unalaza boriti, juu ya boriti fito zilizobanana, juu ya fito majani au matawi, kisha udongo, tena udongo mwingi, unashindiliwa. Kuta ni miti iliyokandikwa kwa udongo na samadi. Ndani ni chini, mtu mrefu anainama. Ndama na mbuzi wanalala humohumo, na joto lao halipotei bure. Nyumba inajengwa pembenne, mara nyingi ikizunguka ua wa ng'ombe.

Wageni waliopita bara karne ya 19 waliziandika sana nyumba hizi. Iliyo maarufu kuliko zote ni ile ya Kwihara, karibu na Tabora, ambako Livingstone alikaa mwaka 1872 mpaka Agosti, alipoanza safari ambayo hakurudi. Walioandika baadaye walipenda kuziita duni. Mimi siafiki. Paa la udongo haliungui, na hilo si jambo dogo kwa watu wenye mifugo wanaoogopa kuvamiwa: adui akirusha mwenge juu ya nyasi, nyumba imekwisha, akiurusha juu ya tembe, amepoteza mwenge. Mchana wa Oktoba ndani kuna ubaridi, usiku wa Julai ndani kuna joto. Na juu ya paa ni uwanja wa kuanikia: mtama, vipande vya maboga, mboga za kukausha. Kasoro yake ni mvua. Tembe inataka kukandikwa tena na tena, na masika yakiwa mazito inavuja, au nguzo zikichoka inashuka na watu wake.

Sasa ndege. Kwenye tembe ndege walikuwa juu ya paa, wakidokoa mtama ulioanikwa, na mtoto alipewa kazi ya kuwafukuza. Ndege aliyekuwa chini ya paa, aliyelala na watu kipindi chote cha baridi kwa haki kamili ya mkazi, alikuwa kuku. Ndiyo, kuku. Tunamsahau tukizungumzia ndege kwa sababu tunamla. Lakini kama kuna ndege mwenye historia ndani ya nyumba ya Singida ni huyo, na si ajabu kwamba mpaka leo kuku wa kienyeji wa Singida ana jina kubwa kwenye masoko ya Dar es Salaam.

Wakati watu wa huku wanalala na kuku, mbali kaskazini watu walikuwa na ndege wengine kwenye mapaa yao, na ndege hao walikuwa na mtindo wa kutoroka. Vijijini Ujerumani korongo mweupe hujenga tago lake kubwa la vijiti juu ya paa au bomba la moshi. Mbayuwayu hujenga kikombe chake cha tope ndani ya mabanda na chini ya vipenu. Baridi ikikaribia, wote wanatoweka. Wanakwenda wapi? Aristotle aliamini kuwa baadhi ya mbayuwayu hujificha kwenye mashimo. Mwaka 1555 askofu Olaus Magnus wa Sweden alichapisha kitabu chenye picha ya wavuvi wakivuta wavu kutoka majini, umejaa samaki na mbayuwayu, maana iliaminika kwamba mbayuwayu hulala baridi nzima chini ya maji. Wasomi wakabishana mamia ya miaka.

Jibu lilifika mwezi Mei 1822, karibu na mji wa Klütz, kaskazini mwa Ujerumani. Korongo alipigwa risasi, na alipookotwa alikuwa na mkuki wa urefu wa sentimita 80 hivi uliopenya shingo yake, mti wake ukiwa wa Afrika. Alichomwa huku, akaruka nao mpaka kwao. Mpaka leo amekaushwa na kuwekwa kwenye mkusanyo wa Chuo Kikuu cha Rostock. Jina la aliyempiga risasi unaweza kulitafuta. Jina la aliyerusha mkuki halipo, ingawa yeye ndiye aliyejibu swali lililowashinda wasomi tangu Aristotle. Halafu jamani, kama kuna mtu angefunga safari na kumuuliza mkulima yeyote wa bara la Afrika, "Hivi ndege hawa huonekana lini kwenu?", asingehitaji kusubiri mkuki.

Ushahidi wa mbayuwayu ulichelewa zaidi. Mei 1911 mbayuwayu mmoja alivishwa pete ndogo mguuni huko Staffordshire, Uingereza, na John Masefield, nyumbani kwake. Desemba 1912 alikamatwa Natal, Afrika Kusini, na pete yake mguuni. Ndege wa kwenye kipenu cha Mwingereza alikuwa anakula masika ya huku.

Hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo, hata waliosoma. Wanaona tago la mbayuwayu kwenye veranda ya zahanati wanasema, "Hawa wametoka Ulaya wanakimbia baridi." Hapana. Mbayuwayu wa Ulaya anafika kuanzia Septemba, anaondoka kufikia Aprili, na huku hajengi. Atakaa kwenye nyaya za umeme, atawinda wadudu juu ya mashamba, usiku atalala kwenye matete pamoja na wenzake maelfu. Korongo mweupe vivyo hivyo: anakuja na mvua, anafuata viwavijeshi na nzige, na shamba lenye viwavijeshi likipata korongo mwenye shamba hushukuru. Lakini paa lake ameliacha kwao.

Ambaye hunishangaza zaidi ni korongo mwingine, mdogo, mweusi mwenye tumbo jeupe. Wataalamu wamempa jina la Abdim, aliyekuwa Bey huko Sudan. Huyu hajui Ulaya kabisa. Anazaa Sudan na nchi jirani, mara nyingi juu ya vibanda vya nyasi vya wanavijiji, mvua za huko zinapoanza. Zikiisha anashuka kusini, anafika Tanzania mvua za huku zikiwa zimeanza. Kule wanamwona ndege wa mvua, huku nako anaonekana ndege wa mvua, na wote wako sahihi. Kwa hiyo unapomwona kwenye shamba la mtama mwezi Januari, huenda unamtazama ndege aliyeanguliwa juu ya nyumba ya mtu, tena mtu mwenye maisha kama yako, jembe na mbuzi.

Basi Juni ikifika na kipupwe kikianza Mkalama, wageni hao wote wameshaondoka. Wanaolala kwenye mapaa ni wenyeji. Na wenyeji hawa walipata mapaa lini? Tulipobadilisha yetu.

Bati lilianza kwenye majengo ya serikali, misheni na shule. Paa la bati lina mgongo, na mgongo ukishaweka kenchi na mbao za dari, umetengeneza chumba kikavu kisicho na mwenyewe. Mwaka 1960 kikaanzishwa kiwanda cha ALAF Dar es Salaam, na bati likawa kitu cha kutengenezwa nchini. Kisha Operesheni Vijiji. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji vilivyopangwa si hiari tena, na kazi iishe kabla ya mwisho wa 1976. Watu wakahamishwa kutoka kwenye makazi yaliyotawanyika, wakapewa viwanja vilivyonyooka kwa mistari. Sehemu nyingi za nchi nyumba za zamani ziling'olewa mapaa ili wenyewe wasirudi. Fikiria tembe: ukishatoa boriti, udongo wote unaanguka ndani, juu ya jiko na kitanda. Nguzo zile zilichukua miaka kukua porini. Kwenye kiwanja kipya, na msimu wa kilimo unakimbia, nani ana nguzo za panda za kutosha kwa tembe nyingine? Wengi walianza upya kwa nyasi, na waliojaliwa, miaka ya baadaye, kwa bati. Hela ya alizeti na ya kuku imeezeka nyumba nyingi Singida.

Ndege wakafuata. Shomoro aliingia kwenye mawimbi ya bati pale linapokaa juu ya ukuta, nafasi ya vidole viwili inamtosha. Yule shomoro wetu wa kichwa cha kijivu, wa bara, Mjerumani Reichenow alimpa mwaka 1904 jina la kisayansi Passer suahelicus, yaani shomoro wa Uswahilini. Na yupo teleka mdogo mweusi mwenye kiuno cheupe, ambaye wengi humwita mbayuwayu tu. Anagandisha manyoya na majani kwa mate yake chini ya ukingo wa paa, na tago hilo si la kuzalia peke yake, analilalia mwaka mzima. Usiku wa Julai, bati likiwa la baridi kama chuma cha jembe alfajiri, wao wamejibana humo wawili wawili.

Usidhani wanaishi kwa amani. Kuna teleka mwingine anayempora mbayuwayu nyumba ya tope aliyoijenga kwa maelfu ya tonge, na shomoro naye humpora teleka. Historia ya makazi, hata ya ndege, ina waliohamishwa.

Tatizo la leo ni maji. Paa la tembe halikuwahi kumpa mtu maji ya kunywa, bati linampa: gata, bomba, simtanki. Nchi yenye miezi saba ya ukavu haiwezi kudharau hilo, na kinyesi cha teleka na popo kikisombwa na mvua ya kwanza kinaishia kwenye kikombe cha mtoto. Ndiyo maana watu wanabomoa matago kwa mti mrefu, mara nyingine makinda yakiwa ndani. Bundi anapata makubwa zaidi. Yeye hauawi kwa ajili ya maji, anauawa kwa sababu ya jina baya, huku panya wa kwenye gunia la mtama wakibaki salama.

Fundi anayejua kazi anaziba mawimbi ya bati kwa mchanga na saruji wakati wa kuezeka, siyo baada. Maji ya mvua ya kwanza unayaacha yamwagike. Na tago lililo upande usio na gata, upande wa nyuma ambako maji yanadondoka ardhini, sioni limemkosea nani. Ukienda Julai jioni, kabla giza halijashika, utawaona wakiingia mmoja mmoja kwa kasi, na ndani utasikia mwenye nyumba anafungia kuku wake.