Kitufe cha Kidole Gumba: Tarikhi ya Ovadraivu katika Magari ya Otomatiki

Ubavuni mwa mkono wa gia wa magari mengi ya otomatiki yaliyoundwa Japani katika miaka ya 1980 na 1990, pale pale kidole gumba cha dereva kinapotua, pana kitufe kidogo. Na katika dashibodi pana taa ya manjano yenye maandishi O/D OFF, inayowaka au kuzimika kila kitufe hicho kinapobonyezwa. Magari hayo yameshushwa kwa wingi katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa yakiwa yamekwisha kutumika kwao, na kitabu cha maelezo, kama kimo, aghalabu kimeandikwa Kijapani. Basi dereva wetu akajifunza maana ya kitufe kwa kusikia: huyu huambiwa kuwa ni cha kuongeza nguvu, yule kuwa ni cha kwendea mbio, na wa tatu huambiwa akizime daima awapo mjini ili gari lisile mafuta. Wahenga walituusia tusisafirie nyota ya wenzetu, na katika jambo hili nyota ya kufuata ni tarikhi ya chombo chenyewe, kwa maana chombo hiki hakikubuniwa kwa ajili ya mbio wala nguvu, bali kwa ajili ya kuipumzisha injini.

Ili jambo hili lifahamike, yafaa kwanza tukumbuke kazi ya giaboksi. Gari linapoondoka, au linapopanda mlima pamoja na abiria na mizigo yake, injini hutakiwa izunguke mara nyingi ili magurudumu yazunguke mara chache, na mwendo unaopotea kwa njia hiyo hurudi kwa sura ya nguvu, kama vile mtu ainuavyo jiwe zito kwa mtaimbo mrefu. Kadiri gari linavyoshika kasi, ndivyo haja ya nguvu hiyo inavyopungua, hata ikafikiwa gia ambayo ndani yake injini na shafti inayokwenda kwenye magurudumu huzunguka sawasawa, mzunguko kwa mzunguko. Na kwa miaka mingi mafundi wengi waliihesabu gia hiyo kuwa ndiyo kikomo. Ovadraivu ni gia inayopita kikomo hicho: shafti huzunguka upesi kuliko injini, na injini, ijapokuwa gari halikupunguza mwendo, hushusha mizunguko yake ikatulia.

Wazo hili ni la zamani. Kampuni ya Rolls-Royce ya Uingereza, ilipoanza kuunda lile gari lake mashuhuri lililokuja kuitwa Silver Ghost, ililipa giaboksi ya gia nne, ya nne ikiwa ni ovadraivu. Walakini mwaka 1909 iliiondoa, ikaweka giaboksi ya gia tatu mahali pake. Husimuliwa kwamba wenye magari hayo walipenda kubaki katika gia ya juu popote pale, hata mlimani, na injini ilipolemewa walidhani kuwa kasoro ni ya gari. Twaona basi kwamba ghalati ya kuidhania gia ya mapumziko kuwa ni gia ya kazi haikuanza katika gereji za Dar es Salaam wala za Nairobi. Imeifuata ovadraivu tangu utotoni mwake.

Robo karne baadaye wazo lile lilifufuka Marekani, nchi ambayo barabara zake zilikuwa zimekwisha kuwa ndefu na nyororo, na ambako msafiri wa kutoka mji hata mji alishinda saa nyingi akisikiliza uvumi wa injini isiyopumzika. Mwaka 1934 magari ya Chrysler na DeSoto yaliyoitwa Airflow yalitoka na ovadraivu iliyoundwa na kampuni ya Borg-Warner. Giaboksi yake ilikuwa ya mkono, lakini ovadraivu yenyewe iliingia kwa hikima ya kupendeza: mwendo ukishapita kiasi fulani, dereva huinua mguu wake kwenye pedali ya mafuta kwa kitambo kidogo, na gia ile ikaingia bila yeye kuishika kwa mkono.

Uingereza nayo haikukawia sana. Kapteni Edgar de Normanville alibuni ovadraivu ya namna nyingine, inayoendeshwa kwa nguvu ya mafuta yaliyoshindiliwa, na kampuni ya Laycock ya mji wa Sheffield ikaiunda. Ikaonekana kwanza mwaka 1948 katika gari la Standard Vanguard, kisha ikaenea katika magari ya Triumph, Jaguar na Volvo. Katika magari hayo dereva aliiita ovadraivu kwa swichi ndogo ya umeme, bila kukanyaga klachi, na mimi huiona swichi hiyo kuwa ndiye babu halisi wa kitufe chetu.

La ajabu ni kwamba giaboksi ya otomatiki, ambayo wakati huo ilikuwa ikikua upande wa pili, haikuiomba ovadraivu ijiunge nayo. General Motors ilianza kuuza giaboksi yake ya Hydra-Matic katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, nayo ilikuwa na gia nne. Lakini ya nne ilikuwa ni ile ya mzunguko kwa mzunguko, wala haikuvuka hapo. Ikaja Powerglide ya Chevrolet mwaka 1950 yenye gia mbili tu, kisha Turbo-Hydramatic ya mwaka 1964 yenye gia tatu. Sababu haikuwa upungufu wa maarifa. Petroli ya Marekani ilikuwa rahisi, injini zilikuwa kubwa, na mnunuzi hakuona kwa nini alipe zaidi ili injini yake izunguke kidogo.

Hali hiyo ilipinduka mwezi wa Oktoba 1973, pale nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta yao yasiende Marekani kwa sababu ya vita vya Mashariki ya Kati, na katika miezi michache bei ya pipa ikapanda takriban mara nne. Mwezi wa Januari 1974 Marekani iliweka kikomo cha mwendo cha maili 55 kwa saa katika barabara zake kuu, na Desemba 1975 ikapitishwa sheria ya kuwalazimisha waundaji wa magari wapunguze ulaji wa mafuta. Huku kwetu nako dhiki ya miaka ile haijasahauliwa: watu wazima wa Tanzania wanakumbuka jinsi ilivyokuwa marufuku kuendesha magari ya binafsi siku ya Jumapili baada ya saa 8 mchana. Kila tone likawa na hesabu yake, na gia iliyodharauliwa ikatafutwa.

Jibu lilitoka Japani. Mwaka 1969 kampuni ya Aisin ilikuwa imeshirikiana na Borg-Warner, ile ile ya magari ya Airflow, wakaanzisha kampuni iliyoitwa Aisin-Warner. Na mwaka 1977 kampuni hiyo ikatoa giaboksi ya otomatiki ya gia nne, ya nne ikiwa ni ovadraivu, nayo ikafungwa katika gari la Toyota Crown. Ford ikafuata kwa magari yake ya mwaka 1980, na General Motors ikaingia mwanzoni mwa muongo huo. Hivyo, maarifa yaliyotoka Marekani yakiwa mali ya giaboksi ya mkono yalirudi kutoka Asia yakiwa ndani ya otomatiki.

Tutazame hesabu, kwa kuwa hesabu haina upendeleo. Katika giaboksi ya Toyota iitwayo A340, iliyofungwa katika magari mengi yanayopita mbele ya milango yetu, uwiano wa gia ya kwanza ni 2.804, wa pili 1.531, wa tatu 1.000, na wa nne, ambayo ndiyo ovadraivu, ni 0.705. Maana yake ni kwamba, kwa mwendo ule ule wa gari, injini iliyokuwa ikizunguka mara 3,000 kwa dakika katika gia ya tatu itazunguka takriban mara 2,100 katika ya nne. Kila mzunguko uliopungua ni msuguano uliopungua. Na kwa kuwa injini inayozunguka polepole hufunguliwa mlango wa hewa zaidi ili itoe nguvu ile ile, haitumii tena jitihada kubwa kuvuta pumzi kupitia tundu lililobanwa. Kelele hupungua, joto hupungua, na petroli hubaki tangini.

Hapo mtu atauliza: ikiwa gia hii ni njema kiasi hicho, kitufe cha kuizima kiliwekwa kwa nini? Kiliwekwa kwa sababu giaboksi haina macho. Haiwezi kujua kwamba mbele ya kona pana mlima, wala kwamba nyuma pana tela. Gari lililolemewa likiwa katika gia ya nne hukosa nguvu, giaboksi ikashuka ya tatu. Mwendo ukiongezeka kidogo hurudi ya nne, ikalemewa tena, na kwenda na kurudi huko huchemsha mafuta ya giaboksi na kuzichosha klachi zake. Hapo ndipo kidole gumba kinapotakiwa. Kadhalika katika mteremko kama wa Kitonga, mkoani Iringa, dereva anayeiacha ovadraivu huzibebesha breki uzito wote wa gari, nazo breki zikipata moto huacha kushika. Ilhali akiizima, na mteremko ukiwa mkali akashusha mkono wa gia hata kwenye 2, injini humsaidia kulizuia gari.

Ama safari za kila siku, za kwenda kazini, sokoni na shuleni, hukumu ni moja: ovadraivu iachwe. Anayeizima mjini kwa kudhani anaokoa mafuta hapati faida yoyote, kwa kuwa katika foleni na mwendo mdogo giaboksi yenyewe haiingii gia ya nne. Na akitoka kwenye barabara kuu akasahau, atakwenda Morogoro yote katika gia ya tatu, injini ikipiga kelele na petroli ikiteketea. Na taa ya dashibodi isomwe kama ilivyoandikwa: ikiwaka, ovadraivu imezimwa, ikizimika, ovadraivu inaruhusiwa. Ikiwa inawaka na kuzimika yenyewe bila kuguswa, basi katika giaboksi nyingi zenye kompyuta hiyo ni ishara ya hitilafu, na gari lipelekwe kwa fundi.

Magari mapya yameanza kukiacha kitufe hiki. Giaboksi ya ZF ya gia 8 iliyotoka mwaka 2009 ina gia mbili za ovadraivu badala ya moja, na kompyuta yake huzitumia bila kumshauri dereva. Lakini magari yetu mengi bado ni yale ya kitufe, na yataendelea kutubeba kwa miaka. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kesho asubuhi kabla hujaondoka nyumbani, injini ikiwa imekwisha kuwaka, tazama dashibodi yako. Ukiona maandishi O/D OFF yanawaka, bonyeza kitufe yazimike, kisha uache hivyo mpaka ufike mlimani.