Fomu Mlangoni

Wiki hii tuzungumzie fomu. Si ile ya ofisini, ya nakala tatu na mhuri. Ninazungumzia ile inayotokea kwenye kioo cha kompyuta au cha simu pale mtu anapotaka kuanza kutumia huduma fulani: andika jina, chagua neno la siri, lirudie, taja tarehe ya kuzaliwa. Wengi wetu tumezijaza mpaka tumezizoea, na wengi wetu tumewahi kuiacha moja katikati tukaenda zetu. Fomu hiyo ina historia yake.

Zamani kidogo anwani ya barua pepe ilikuwa mali ya wachache. Aliyekuwa nayo alipewa na chuo kikuu chake, au na mwajiri wake, au na kampuni aliyoilipa ili imuunganishe na intaneti. Akiacha kazi, anwani inabaki nyuma. Ndipo tarehe 4 Julai 1996, huko California, Sabeer Bhatia, mzaliwa wa India, na mwenzake Jack Smith walipofungua huduma waliyoiita Hotmail. Barua zilisomwa ndani ya tovuti, kwenye kompyuta yoyote, na kujiunga kulikuwa bure. Hapakuwa na barua ya utambulisho, wala mdhamini, wala mkubwa wa kupitisha maombi. Unajaza fomu, na papo hapo una anwani. Tena chini ya kila barua paliwekwa mstari wa kumjulisha aliyeipokea kwamba na yeye anaweza kupata ya kwake bila malipo. Kila mwandishi wa barua akageuzwa mpiga debe, na asilipwe hata senti.

Mwisho wa mwaka 1997, Hotmail ikiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu tu, watu zaidi ya milioni 8 walikuwa wamekwisha kujiandikisha. Microsoft iliinunua kwa bei iliyotajwa kuwa karibu dola milioni 400. Na walionufaika hawakuwa Wamarekani peke yao. Intaneti kafe zilipoanza kujaa watu katika miji ya Afrika Mashariki, kijana aliyelipia nusu saa aliweza kutoka pale na anwani yake mwenyewe, hata kama kwao hakuna kompyuta wala umeme. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na lilitokana na fomu fupi.

Lakini mlango usio na bawabu haumchagui mgeni. Wafanyabiashara wa barua taka walitunga programu za kujaza fomu hizo zenyewe, na kujifungulia akaunti kwa maelfu. Mwaka 2000 kampuni ya Yahoo, ambayo nayo ilikuwa ikitoa barua pepe ya bure, ilikuwa inahangaika na tatizo hilo. Jawabu lilipatikana katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, kwa Profesa Manuel Blum na mwanafunzi wake kutoka Guatemala, Luis von Ahn. Walipendekeza kila anayejiandikisha apewe herufi zilizopindwapindwa azisome na kuziandika upya. Binadamu angeziweza, kompyuta ya siku zile isingeziweza. Jawabu hilo waliliita kapcha.

Naam, wezi walizuiwa kwa kiasi fulani. Lakini nani aliyeulipia ulinzi huo? Ni yule mgeni mwema, aliyekaza macho mbele ya herufi zilizolewa, akakosea, akapewa nyingine. Asiyeona, ambaye kompyuta yake humsomea maandishi kwa sauti, alikwama kabisa mpaka alipotengenezewa njia ya kusikiliza, na hata hiyo ilikuwa na makelele yake. Von Ahn mwenyewe baadaye alipiga hesabu akaona kwamba watu walikuwa wakifumbua mafumbo hayo mara milioni 200 kwa siku, kila moja kwa sekunde kama 10. Ni zaidi ya saa laki tano za binadamu zilizokuwa zikiteketea kila kukicha. Kwa hiyo mwaka 2007 akaja na mpango mwingine: herufi za kusoma zikawa maneno ya magazeti na vitabu vya kale ambayo mashine zilishindwa kuyasoma, ili jasho la mgeni lipate angalau kazi ya maana. Google iliununua mpango huo mwaka 2009.

Mwaka huohuo Mmarekani Jared Spool, mchunguzi wa namna watu wanavyotumia tovuti, aliandika kisa cha duka moja kubwa la mtandaoni, ambalo hakulitaja jina. Mteja akishachagua bidhaa zake, kabla ya kulipa alitakiwa kwanza ajiandikishe. Wenye duka waliona wanamfanyia hisani, kwamba safari ijayo atanunua upesi. Wateja hawakuiona hivyo. Wageni walichukizwa na sharti hilo, na wenyeji walikuwa wamesahau maneno yao ya siri; maombi ya kukumbushwa yalifika 160,000 kwa siku. Dawa yake ilikuwa kuondoa kitufe cha kujiandikisha na kuweka cha kuendelea mbele, pamoja na maelezo mafupi kwamba akaunti si lazima. Walionunua wakaongezeka kwa asilimia 45, na mwaka wa kwanza duka likaingiza dola milioni 300 zaidi. Mtu kaja kununua viatu. Kwa nini umuulize habari za ukoo wake?

Na von Ahn? Huyu aliyeweka bawabu mlangoni ndiye aliyeanzisha, pamoja na Severin Hacker, programu ya kufundisha lugha iitwayo Duolingo, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2012. Kiswahili nacho kinafundishwa humo tangu 2017. Kampuni hiyo iligundua kwamba mgeni akiachwa asome masomo kidogo kwanza, ndipo aombwe kujiandikisha, hukubali kwa urahisi zaidi, maana sasa anacho kitu ambacho hataki kukipoteza. Kwa maelezo yao, kusogeza fomu mbele kidogo kulipandisha idadi ya watumiaji wa kila siku kwa karibu asilimia 20.

Hapo utadhani mambo yamekwisha. Siku hizi huduma nyingi hazikuulizi hata neno la siri. WhatsApp, iliyoanza mwaka 2009, ilifanya namba ya simu kuwa ndiyo kitambulisho: unaandika namba, unaletewa tarakimu, umeingia. Dakika moja haiishi. Watengenezaji wa huduma hizo hujisifu kwamba wameiua fomu.

Haikufa. Imehamia kwenye laini ya simu. Hapa Tanzania, tangu tarehe 1 Mei 2019, raia anayesajili laini hutakiwa kuweka alama za vidole na kutoa namba ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA. Muda wa kusajili upya laini za zamani uliwekwa uishe tarehe 31 Desemba 2019, kisha Rais Magufuli akauongeza kwa siku 20. Tunaikumbuka Januari ile: foleni mbele ya ofisi za NIDA, watu wamebeba vyeti vya kuzaliwa na barua za serikali za mitaa, kisha laini zikaanza kuzimwa kwa awamu baada ya tarehe 20. Sababu za serikali zilikuwa za kweli. Ujumbe wa kitapeli wa kutaka pesa itumwe kwenye namba nyingine tunaujua sote. Lakini aliyekosa namba ya NIDA alikosa laini kwa jina lake, na asiye na laini hana WhatsApp, hana akaunti ya pesa kwenye simu, hana pa kuletewa zile tarakimu ambazo karibu kila tovuti sasa inazidai.

Kule California hakuna aliyeliona hilo kwenye hesabu zake. Kwenye vitabu vyao mgeni huyo amejiunga kwa dakika moja. Saa alizosimama juani, na nauli aliyoirudia mara tatu kwa sababu vidole vyake vimesuguliwa na jembe hata mashine ikashindwa kuvisoma, hazikuandikwa popote.