Kituo cha Fizikia cha Trieste: ajira na semina
Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia, kilichoanzishwa na mwanafizikia Abdus Salam mjini Trieste, Italia, mwaka 1964, hutangaza nafasi za watafiti, nyingi zikiwa za muda. Ila uzito wake hasa umo katika semina: msemaji huandika milinganyo ubaoni, na mwanafunzi ana ruhusa ya kumkatiza kwa swali.

Wapo wanaodai kuwa kituo hunyonya wataalamu wa nchi maskini. Hofu hiyo ina msingi, lakini kinachomhamisha mwanasayansi mara nyingi ni upweke wa kitaaluma, uliochangia Salam mwenyewe kuondoka Lahore, Pakistan, mwaka 1954. Ndiyo maana mpango wa washirika humgharimia mtafiti ziara za Trieste huku akiendelea na kazi yake kwao. Tangu 2018 taasisi mshirika hutoa mafunzo ya uzamili Kigali, Rwanda.