Nasaba ya Kisu cha Matunda

Kisu cha shangazi yangu wa Soni kina ubapa wa urefu wa kidole cha kati, na upana wake hauzidi wa kidole hichohicho. Ni cheusi tii, isipokuwa kwenye makali ambako kuna uzi mwembamba wa mng'aro. Mpini umezongwa utepe wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Mgeni akikiona juu ya sinia la mapeasi hudhani ni kipande cha bati kilichookotwa njiani. Nami nilidhani hivyo. Siku niliyomletea kipya kutoka Dar es Salaam, nikataka kukitupa kile cha zamani, akanishika mkono: "Mwanangu, hicho kimekuzidi umri."

Kilianzia bondeni, chini ya milima ya Usambara, kikiwa kisu kirefu cha mkata mkonge. Kazi ya mkonge ilipokwisha, mwenyewe alipanda nacho Soni, kikawa cha kufyekea majani ya ng'ombe na kuchengea migomba. Kikavunjika katikati. Kipande kilichobaki na msuka kikapigwa tupa, kikawa kisu cha jikoni cha kumenyea ndizi, kukatia nyama na kuchinjia kuku. Kinoo kikawa kinakila mwaka hata mwaka, kikakonda mpaka nyama ikakishinda. Hapo ndipo kilipokuwa kisu cha matunda.

Katika maduka ya Lushoto mjini, Soni na Mombo sijapata kumsikia mtu akiomba kisu cha matunda. Huombwa panga, kisu cha nyama au kisu tu. Cha matunda hakinunuliwi, hufikiwa. Ni cheo ambacho chuma hupewa uzeeni, kikishakuwa chembamba kiasi cha kupita kwenye peasi lililoiva bila kuliponda. Kwa hiyo tarehe yake haiandikiki kama ya kitu kilichobuniwa siku fulani na fundi fulani. Lazima iandikwe kama nasaba, nani kamzaa nani.

Babu wa mbali ni chuma cha Upare. Kaskazini mwa milima hiyo ya jirani, huko Ugweno, uhunzi ulikuwa wa ukoo wa Washana, nao ndio waliokuwa wakubwa wa nchi kabla ya Wasuya kuwapindua. Malighafi yao ilikuwa mchanga mweusi ulioachwa na maji mitoni baada ya mvua. Waliukusanya, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe, mikuki na visu. Vyuma hivyo vilivuka bonde hadi kwa Wasambaa, ambao utajiri wao ulikuwa migomba.

Na mgomba ndio uliokipa kisu kazi ya kwanza jikoni mwa Usambara. Kazi hiyo ilikuwa tunda, ingawa hakuna anayeiita ndizi ya kupika tunda. Ndizi mbichi haimenyeki kwa kucha. Hutakiwa kisu kiingie chini ya ganda, kilibandue kwa urefu, na mkono uwe umepakwa mafuta kwa sababu ya utomvu. Utomvu huo una tanini, na tanini ikikutana na chuma hutoa rangi nyeusi isiyofutika. Ni kemia ileile iliyotengeneza wino wa vitabu vya kale. Weusi wa kisu cha shangazi, basi, si uchafu. Kimeandikwa.

Anayetaka nasaba kubwa zaidi ya milima hii asome Habari za Wakilindi, kazi ya Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, iliyopigwa chapa na wamisionari wa Magila kwa sehemu sehemu kati ya 1895 na 1907. Humo yumo Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu na mbwa wake, akawaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akagawa nyama, naye akapewa vyakula vya shambani. Mwisho wake akapewa na nchi. Husemwa kwamba mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Kwa Mbegha mambo yalikuwa kinyume, maana mwenye kisu ndiye aliyewalisha wengine, na kwa mgao huo uzao wake, ndio hao Wakilindi, ukatawala kutoka Vuga kwa vizazi na vizazi.

Matunda tunayoyajua leo kwa jina la Lushoto hayakuwapo wakati huo. Yalikuja na Wajerumani. Walipanda mlimani wakikimbia joto na malaria ya pwani, wakaujenga mji wao kwenye kimo cha mita 1,400 hivi, wakauita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao. Huko Kwai, katika milima hiyohiyo, wakaweka shamba la majaribio katika miaka ya 1890, na mwaka 1902 wakafungua taasisi yao kubwa ya kilimo na elimu ya mimea huko Amani, Usambara ya Mashariki. Plamsi, mapeasi, mapichi na matufaha ni miti inayodai baridi ili ichanue vizuri, na baridi hapa ipo. (Mtu wa Pwani atabisha kwamba tufaha ni lile tunda jekundu lenye harufu ya waridi. Asituchoshe, sokoni Lushoto anajua anachokitaka.)

Miti hiyo ikaleta kisu cha aina nyingine. Mbegu ya peasi ukiipanda haikupi peasi la mama yake. Huota mti usiojulikana utazaa nini. Lazima mche ubebeshwe, yaani uchukue shina lenye mizizi imara, ulitie kikonyo cha mti unaojua ladha yake. Karibu na mji wa Lushoto pana Jaegertal, mahali panapojulikana kwa kitalu cha miche ya matunda. Jina ni la Kijerumani, maana yake Bonde la Mwindaji, ingawa mwindaji wao sidhani kama alikuwa Mbegha.

Niliwahi kukaa nusu siku nikimtazama fundi mmoja wa kubebesha. Kisu chake kilikuwa kimenolewa upande mmoja tu kama patasi, upande wa pili bapa kama rula. Alishika kikonyo chenye unene wa penseli, akakivuta kuelekea kifuani kwa mkato mmoja mrefu, bila kurudia. Ukirudia, alisema, unaacha bonde, na palipo na bonde hapashiki. Chini ya gamba kuna utando mwembamba wa kijani, ndio uhai wa mti. Utando wa kikonyo usipogusana na wa shina, umefunga vijiti viwili vikavu. Kila baada ya miche michache alikipangusa kwa spiriti ili asihamishe ugonjwa. Nilipotoa plamsi mfukoni nikamwomba anikatie, alicheka. "Mzee wangu, hiki hakili." Akanionyesha kingine kilichochomekwa kwenye ukuta wa banda. Cheusi, chembamba, mpini wa mpira. Nikakijua mara moja ni wa ukoo gani.

Katika ukoo huu mzima, cha kubebeshea ndicho pekee kilichozaliwa kwa kazi ya matunda, nacho ndicho kilichokatazwa kulionja tunda.

Visu vya Ulaya navyo vilipata njia ya kufika: reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Upande wa Ujerumani, mji wa visu ulikuwa Solingen, uliojenga jina lake tangu zama za kati na kulilinda kwa wivu. Mwaka 1938 ilitungwa sheria ya kukataza neno Solingen lisichapwe kwenye kisu kisichotengenezwa huko. Visu vyake vya zamani vilikuwa vya chuma chenye kaboni, vyenye kushika kutu na kushika makali. Juni 1916 Waingereza waliteka Wilhelmstal, na baadaye mji ukarudi kuitwa Lushoto. Mji wao wa visu ni Sheffield. Huko, mwaka 1913, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika haraka, akaongeza kromiamu, akapata chuma kisichoshika kutu. Bunduki hazikukitaka sana, visu vikakipokea.

Hapo ukoo uligawanyika. Kisu cha kisasa hakiandikwi na utomvu, hakitii limau uchungu wa chuma, na ukikisahau kwenye maji ya vyombo unakikuta salama. Lakini vile vya bei ya chini vinavyopangwa kwenye maturubai ya machinga vimefuliwa laini. Siku ya tatu makali yamekunjika, na kinoo cha jiwe la mtoni hakivisaidii kitu. Kile nilichomletea shangazi kutoka Dar es Salaam kilikuwa cha namna hiyo. Alikijaribu kwenye pichi, kikateleza kwenye manyoya ya ganda, akakirudisha kwenye boksi lake. "Kizuri," alisema. Sikukiona tena mpaka msimu uliofuata, kikizibua bomba la jiko.

Mkonge nao lazima utajwe, kwa kuwa ndio uliomwaga vyuma vingi zaidi chini ya milima hii. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikasalimika 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yalitokea mashamba yaliyofunika tambarare kutoka pwani hadi Mazinde. Mkata mkonge hukata jani, huondoa mwiba wa ncha, hufunga tita la majani 30, kisha anaanza lingine. Chuma chake hakipumziki. Uzalishaji ulifikia kilele cha kama tani 230,000 mwaka 1964, kisha nyuzi za plastiki zikaivunja bei. Watu waliorudi milimani walirudi na walichokuwa nacho mkononi.

Tangu hapo chuma kimekuwa kikitoka kwenye magari. Mhunzi wa leo hafuati mchanga mitoni, hufuata springi iliyokatika. Chuma cha springi kina kaboni ya kutosha. Kikipashwa moto hadi kiwe chekundu na kuzamishwa ghafla, hukaza kama kioo, kisha hupashwa tena kidogo kisije kikavunjika. Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za kona na mteremko, na magari hayaachi kukatika springi. Mlima haukosi malighafi.

Sasa njoo stendi ya Soni kati ya Desemba na Machi. Plamsi zimejaa ndoo, mapeasi yamepangwa kwenye sado. (Sado ni kopo la rangi la lita nne, limepata jina kutoka Sadolin, na halijapaka ukuta miaka mingi.) Basi linasimama, akina mama wanakimbilia madirishani. Abiria anasita, anauliza kama peasi ni tamu au la mchanga. Muuzaji habishani. Anatoa kisu kwenye mkunjo wa kanga, anakata kipande chembamba kiasi cha kuona mwanga, anakiinua kwenye ncha. Kipande kinene kingemla faida. Kisu butu kingemharibia zaidi, kwa sababu huponda nyama ya tunda, na palipopondwa hugeuka kahawia mbele ya macho ya mteja. Kisu chembamba huacha peasi likiwa jeupe kwa muda wa kutosha basi kuondoka.

Ukishuka Muheza, chini ya Usambara ya Mashariki, mkono hubadilika. Kule ni machungwa, nayo mengi ganda lake hubaki la kijani hata yakiiva, kwa kuwa usiku wa kule hauna baridi ya kuligeuza njano. Muuza machungwa hakisukumi kisu. Hukituliza, akalizungusha tunda, na ganda likashuka kama utepe mmoja mrefu. Anachoondoa ni ile ngozi ya juu yenye mafuta yanayounguza midomo. Ule weupe anauacha ili chungwa lisipasuke ukilikamua. Nimewahi kujaribu. Utepe wangu ulikatika mara tisa na kidole mara moja.

Siku hizi kuna kifaa cha duara chenye nyembe zilizopangwa kama miale ya jua. Unakiweka juu ya tufaha, unakandamiza, unapata vipande vinane na kokwa katikati. Kwa matufaha yanayokuja kwa meli, yaliyolingana kama mipira ya tenisi, hakina kasoro. Peasi la Lushoto lina shingo iliyopinda, moja ni la ngumi na jirani yake ni la yai, na kokwa haikai katikati. Nilikipeleka kwa shangazi, maana sikomi. Kilikwama nusu ya safari, tukalitoa peasi kwa kijiko, vipande vitatu vinene na vingine vimekuwa uji. Kifaa kile kinadai tunda likitii. Kisu cha mlimani humfuata mwenye tunda anakotaka.

Kuhusu kisu cha shangazi, kimebakisha unene wa kufikisha labda misimu miwili. Kilichobaki karibu na mpini ndicho kipana zaidi, naye hulianzia tunda hapo. Mrithi yupo tayari. Ni cha nyama, cha springi, kilichofuliwa Mombo, na tayari ubavu mmoja umeanza kuliwa na kinoo. Ukipita Soni msimu wa plamsi, nawe una kisu chako kipya ndani ya begi, kiache humohumo. Mwambie mama muuzaji akukatie kwa chake.