Dizaini tulijifunza kwa nani?



Mwaka nilipoingia graduat ya kwanza, sehemu ya mawasiliano ya picha, baba aliniuliza: «Njo masomo gani ile ya kuchora? Na minerval yote hii, utakula nini?» Sikuwa na jibu. Tena kazi yangu ya kwanza, nembo ya duka la mikate, niliinakili kwenye intaneti. Asistanti alinirudishia karatasi na neno moja tu: «Yako?»

Aibu ile ndiyo ilinisukuma nisome historia. Kumbe swali lile ni la zamani kuliko sisi.

Mwaka 1943, Frère Marc Wallenda, mmisionari Mbelgiji, alifungua shule ya Saint-Luc kule Gombe-Matadi. Mwaka 1949 ikahamia Léopoldville, Kinshasa ya leo, na mwaka 1957 ikaitwa Académie des Beaux-Arts. Ilikuwa shule yenye madarasa na mazoezi ya kila siku, kwa mfano wa shule za Saint-Luc za Ubelgiji.

Huku kwetu Elisabethville, Lubumbashi ya leo, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha mwaka 1946 atelie iliyoitwa Hangar. Yeye hakutaka wanafunzi waige michoro ya Ulaya. Pilipili Mulongoy akachora ndege na samaki. Bela akaacha burashi, akapaka rangi kwa vidole. Mwenze Kibwanga akajaza picha kwa mistari midogo midogo. Mwaka 1951 Laurent Moonens akafungua Académie mjini hapo hapo. Romain-Desfossés alipokufa mwaka 1954, Hangar ikaisha.

Lakini tusidanganyike. Kukataza kuiga nako ni amri. Mzungu ndiye alisema Uafrika wa kweli ni upi, na wanunuzi wengi walikuwa Wazungu wenzake. Mwanafunzi hakuulizwa kama anataka kuchora treni ao nguo za mtindo wa Paris.

Basi nikajiuliza: mimi nimeona nini kwa macho yangu? Nikatwaa kaye, nikaenda komini ya Kenya, nikakaa siku nyingi karibu na mzee anayeandika vibao vya vinyozi na vya malewa. Alipima nafasi ya herufi kwa kidole, bila rula. Herufi zake zilisomeka hata ng'ambo ya barabara. TFC yangu ikawa juu ya herufi zile.

Baba alipofungua kitabu changu, hakuuliza tena juu ya chakula. Alisema: «Ile maandiko naijua. Iko ya ku Kenya.»

Leo kompyuta inanakili kwa dakika moja, na wadogo zetu wanasoma licence ya miaka 3 katika mfumo wa LMD. Mimi naona kuiga si dhambi. Kila mkono ulianza kwa kuiga. Dhambi ni kumaliza masomo bila kujua unamwiga nani. Na wewe, ulijifunza kwa nani? Andika hapa chini.